Nyoka wa kufugwa anapopinda shingo: ni virusi, ni joto, ao ni Flagyl?

Kwenye grupu yetu vijana watatu waliomaliza masomo Bunia wametuma mradi wao wa kufuga chatu, wakaomba sisi wa agronomi tutoe mawazo. Mradi umeandikwa vizuri. Kuna masanduku, kuna panya wa kulisha, kuna bei ya kuuza na faida ya mwaka wa pili. Juu ya chakula kuna ukurasa mzima. Juu ya ugonjwa kuna mstari mmoja tu: "Nyoka ni mnyama mgumu, haugui ovyo." Leo naandika juu ya mstari ule, na zaidi juu ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, sababu njo yale yanayoonekana kwa macho mbele ya kufika labo, na njo yale watu wanasoma vibaya kabisa.

Mimi si veterineri. Kazi yangu hapa Epulu ni mihogo, kakao na kuku wa watu. Lakini kuna mtoto wa mama mdogo anayeishi Liège, kule Ubelgiji. Alinitumia video ya chatu wake mdogo na maneno haya: "Yaya, angalia nyoka yangu, iko nacheza muziki." Kichwa cha nyoka kilikuwa kinazunguka kama visi, kinapinduka koo juu, kinarudi, kinaanza tena. Haikuwa muziki. Tangu siku ile nimesoma mingi juu ya jambo hili, na nimeuliza wenye kazi hiyo.

Mtu wa Epulu ataniuliza: sasa nani anafuga nyoka? Ni kweli, kwetu nyoka akiingia nyumba anakutana na panga mbele ya kukutana na swali. Lakini tokeni kidogo upande wa mashariki. Wasukuma wa Mwanza wana chama cha zamani cha wachezea nyoka, Bayeye, wanaoingia uwanjani na chatu shingoni wakati wa ngoma. Watamu, kwenye pwani ya Kenya, kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa na James na Sanda Ashe mwaka 1980, nyoka wanafugwa pale hadi leo. Nairobi kuna bustani ya nyoka karibu na Makumbusho, na karibu na Arusha kuna Meserani. Upande wa magharibi, Ghana, Togo na Benin zinauza nje chatu wadogo kwa maelfu kila mwaka, wale wanaoitwa chatu wa kifalme, ambao makao yao ya asili ni savana kutoka Senegal hadi Uganda. Kwa hiyo wazo la vijana wa Bunia si la wazimu. Linaomba tu akili zaidi ya mstari mmoja.

Tuanze na nyoka mzima. Bila kumjua yeye, mgonjwa atapita mbele ya macho yenu.

Nyoka ana ubongo mdogo ndani ya fuvu, na kutoka pale kuna kamba ya fahamu inayopita ndani ya mifupa ya mgongo hadi mkiani. Mifupa ile kwa nyoka wengi inapita 200. Hana tundu la sikio nje, lakini sikio la ndani analo, na moja ya kazi zake kubwa ni usawa: kumwambia mnyama wapi ni juu na wapi ni chini. Mushike neno hilo la sikio la ndani, tutarudi kwake.

Akiwa katika joto lake, nyoka mzima anabeba kichwa sawa na mstari wa shingo. Ulimi unatoka na kuingia, hasa ukimsogelea. Akitembea anateleza bila kusita, mwili wote unafuata njia moja. Ukimbeba, misuli inasikika chini ya vidole, na mkia unatafuta kitu cha kujisokotea. Akimrukia panya, anampata. Na kitu kikubwa kuliko vyote: hakubali kulala tumbo juu. Ukimpindua, anajigeuza palepale, kichwa kwanza, halafu mwili unafuata kama kamba inayosokotwa.

Mgonjwa wa fahamu anaharibu moja ya mambo hayo, ao yote. Dalili inayojulikana zaidi ni shingo kukunjika nyuma. Kidevu kinaangalia juu, na nyoka anabaki hivyo muda mrefu kama mtu anayehesabu misumari ya mabati. Kuna kichwa kutetemeka, hasa wakati wa kula, wakati anapojaribu kukilenga kitu. Kuna kukosa shabaha: panya yuko hapa, yeye anapiga pembeni. Kuna kujizungusha kama visi, kwenda duara, ao kurudi nyuma bila sababu. Kuna sehemu ya mwili kulegea kama kamba yenye maji huku sehemu ya mbele ina nguvu. Mboni za macho zinaweza kutofautiana ukubwa. Kuna degedege. Na kuna ile ya kupinduliwa tumbo juu na kubaki vile, kimya, kama hajui.

Sasa mushike hili, sababu njo kiini cha maneno yangu yote: dalili hizo zinaonyesha mahali, hazionyeshi sababu. Zinasema shida iko kwenye ubongo, kwenye sikio la ndani ao kwenye kamba ya mgongo. Joto kali, dawa ya shamba, kukosa vitamini, kipigo, virusi na urithi wa mama na baba, vyote vinaweza kutoa picha moja. Mtu anayeangalia video ya sekunde 20 na kutangaza "hiyo ni virusi, choma wote" ni hatari sawa na yule anayesema "iko nacheza muziki".

Halafu kuna picha za uongo. Nyoka anayekaribia kujivua ngozi macho yanakuwa ya bluu kama maziwa yaliyochanganywa na wino. Haoni vizuri, anapiga hovyo, anashtuka. Mumuache, siku chache tu na atajivua. Nyoka aliye na baridi anakuwa mzito, hajigeuzi haraka, ulimi hautoki: damu yake inafuata joto la mahali alipo, kwa hiyo mishipa na misuli inachelewa. Kifutu wa msituni, yule mnene mwenye rangi za majani makavu, anaweza kukaa mahali pamoja siku nyingi bila kutikisika, na hana ugonjwa wowote, anawinda. Na kuna ile inayodanganya hata wazoefu: nyoka mwenye mapafu yaliyojaa anainua kichwa na kupanua mdomo, sababu anatafuta hewa. Mutaona mate yanayovutika na mapovu, mutasikia mlio kama filimbi iliyoziba. Yule anaangalia juu ili apumue, na huo ni ugonjwa mwingine.

Njo maana kumpima kunaanza na termometre. Kama ni chatu wa kifalme, upande wa joto wa sanduku unapaswa kuwa karibu 31 hadi 33, na upande wa baridi karibu 26, ili achague mwenyewe. Mukimpima akiwa na 20, mutaandika ugonjwa ambao haupo.

Kiisha muangalie bila kugusa. Robo saa, mkae kimya, sanduku limefunguka kidogo. Kichwa kiko wapi? Ulimi? Akitembea, mwili unafuata? Halafu, kwa nyoka asiye na sumu tu, mumbebe. Akipita urefu wa mita 2, muwe watu wawili. Mumpitishe polepole mkononi, kidole kinasikiliza misuli kutoka shingo hadi mkia. Mwishoni mumlaze tumbo juu juu ya nguo yenye kukwaruza kidogo, si juu ya meza inayoteleza, na muhesabu. Kama kichwa kinageuka na mwili unafuata hadi katikati tu, halafu nyuma kunabaki tumbo juu, shida inawezekana iko kwenye mgongo, pale mgeuko uliposimama. Kama kichwa chenyewe hakijui pa kwenda, mufikirie ubongo ao sikio la ndani. Muandike: tarehe, joto, sekunde ngapi. Video ya leo na video ya nyuma ya wiki mbili, mahali pale pale, joto lile lile, zitamsaidia veterineri kuliko hadithi ndefu.

Nyoka mwenye sumu hagusiwi kwa kipimo hicho. Na hapa niseme wazi kwa vijana wa huku, hata wale ambao hawatafuga nyoka maisha yao yote. Nyoka mnayemkuta njiani anayumba, anajikunja vibaya, kama mlevi, yuko na sumu yake kamili. Ugonjwa unamnyima usawa, haumnyimi meno. Tena hafuati adabu ya nyoka mzima, haonyi mbele ya kuuma. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma kwa muda, kwa mshtuko wa mishipa tu. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na anayejua barabara ya RN4 wakati wa mvua anajua kwa nini neno "kusahaulika" linatuhusu.

Turudi kwenye sababu. Kipigo nitakipita haraka: nyoka aliyeanguka, aliyebanwa na mlango, ao aliyeachiwa panya mzima usiku akamtafuna mgongo. Mutaona kidonda ao mfupa uliopinda. Joto nalo ni rahisi, ila linaua haraka. Sanduku la plastiki chini ya mabati saa saba mchana, ao ndoo iliyofunikwa ndani ya gari, na joto likifika 40 nyoka anajitupa huku na huku, anapanua mdomo, kiisha anapinda shingo na kulegea. Aliyeokoka anaweza kubaki na kilema cha ubongo. Ukisikia "jana alikuwa mzima, leo mchana ameanza kuzunguka", uliza kwanza jua lilikuwa wapi.

Sumu njo mahali ambapo sisi wa agronomi tuna la kusema. Dawa tunazopulizia kakao na mboga, zile za kundi la dikilorvosi na kilorpirifosi, zinaua mdudu kwa kuharibu kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa mshipa ukishafika kwenye msuli. Kikiharibika, ujumbe hauzimiki. Msuli unatetemeka, mate yanatoka, kiisha pumzi inachoka. Zile za kundi la sipemetrini na deltametrini zinafanya kazi kwa mlango mwingine: zinaacha wazi njia za chumvi kwenye mshipa, nao unaendelea kupiga kelele. Mshipa wa mdudu na mshipa wa nyoka vinafanya kazi karibu sawa. Tofauti ni kipimo tu, na nyoka wa gramu 80 ndani ya sanduku lililofungwa anapata kipimo kikubwa kwa pumzi chache. Sasa angalieni mazoea yetu. Mtu anapuliza dawa ya mbu chumbani jioni, sanduku la nyoka liko pale. Mtu anatoka shambani na pampu mgongoni, hajanawa, anabadilisha maji ya nyoka. Mtu anaona utitiri, vile vidudu vyeusi vidogo kama unga wa pilipili vinavyokimbia chini ya magamba na kufia kwenye bakuli la maji, anachukua dawa ya mbuzi na kumpaka nyoka mzima. Nyuma ya saa chache nyoka anatetemeka na hajigeuzi. Hapo hakuna virusi. Mumtoe kwenye sanduku lile, hewa safi, mumwoshe kwa maji ya uvuguvugu, na mumtafute veterineri siku ile ile na chupa ya dawa mkononi, sababu kuna sumu ambayo ana dawa ya kuipinga na nyingine hana. Chupa njo itamwambia.

Dawa za binadamu nazo. Kwetu Flagyl ni dawa ya kila kitu: tumbo la mtoto Flagyl, kuhara kwa mbwa Flagyl. Daktari wa wanyama anaitumia pia kwa nyoka, lakini kwa kipimo kidogo kinachohesabiwa kwa uzito. Ikizidi, inapiga ubongo: nyoka anapoteza usawa, anapinda shingo, anaweza kufa. Ivermektini, ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Mectizan juu ya upofu wa mtoni, ni hadithi ile ile. Kidonge kimekatwa kwa jicho, kimesagwa ndani ya panya, na mishipa inalegea. Mbele ya kusema "ameugua tukampa dawa", muulize kama hamkumpa dawa akaugua.

Na kuna njaa ambayo haionekani. Wako nyoka wanaokula samaki. Swila wa maji wa mito yetu ya Congo ni mmoja wao. Samaki wa aina fulani, wakiwa wabichi, wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na kuwaweka kwenye frigo hakukiui kitu hicho. Nyoka anayelishwa samaki hao peke yao miezi mingi ananenepa vizuri, halafu siku moja anaanza kutetemeka na kujizungusha. B1 ni lazima ubongo uipate ili utumie sukari. Uzuri wake ni kwamba ukiwahi, sindano ya B1 inaweza kumrudisha upesi kabisa. Chatu anayekula panya mzima na matumbo yake hana shida hii, njo maana swali la kwanza la veterineri litakuwa "anakula nini?", si "anaumwa tangu lini?"

Sasa virusi, ambavyo vinawatisha wafugaji, na wana haki ya kuogopa.

Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Marekani na Ulaya walikuwa wanaona ugonjwa kwa boa na chatu: anatapika chakula, anakonda, anapinda shingo, hajigeuzi, anakufa. Waganga wakiangalia chembe za mwili kwenye mikroskopi walikuta ndani yake madonge ya protini, na ugonjwa ukapewa jina la madonge hayo. Mwenye kuyasababisha hakujulikana kwa miaka zaidi ya 30. Mwenye boa mmoja wa California alimwandikia barua Joseph DeRisi wa chuo kikuu cha San Francisco akimwomba atafute. Mwaka 2012 timu yake ilitangaza kwamba imekuta virusi vya jamaa ya arena. Jamaa ile mpaka siku hiyo ilijulikana kwa wanyama wanaonyonyesha tu, hasa panya. Homa ya Lassa ya Afrika Magharibi ni ya jamaa ile. Musiogope kupita kiasi: hivi vya nyoka havijulikani kumshika binadamu. Mikono munawe kwa sababu nyingine, salmonela, ambayo nyoka mzima kabisa anaibeba tumboni.

Kwa mradi wa Bunia, jambo zito liko hapa. Boa anaweza kubeba virusi hivyo miaka mingi akiwa mnene, anakula, anazaa. Chatu akivipata, mara nyingi hachukui miaka: dalili za ubongo zinakuja haraka, bila kutapika kwanza, na kifo kinafuata baada ya wiki ao miezi. Kwa hiyo nyoka mmoja mzuri wa kununua, wa aina nyingine, mwenye afya kwa macho ya kila mtu, anaweza kumaliza nyumba nzima ya chatu. Utitiri unashukiwa kwamba unasaidia kuvibeba. Dawa haiko, chanjo haiko. Kipimo kiko, kwa damu na mikroskopi ao kwa kutafuta virusi vyenyewe, lakini labo zinazojulikana kwa kazi hiyo ziko Ulaya na Marekani. Bei ya kutuma sampuli haimo kwenye bajeti yenu, na chumba cha karantini hakimo. Mgeni anapaswa kukaa peke yake angalau miezi 3, wenye uangalifu wanafanya 6, akiwa na bakuli lake, koleo lake, na anahudumiwa wa mwisho kila siku, nyuma ya wazima. Miezi hiyo hauzi, analisha gharama tu. Mukiongeza mstari huo, faida ya mwaka wa pili inahama. Afadhali ihame kwenye karatasi.

Kuna virusi vingine, na hivi mtu yeyote aliyefuga kuku atavielewa. Munajua kideri, ile tunaita Newcastle: kuku anapumua kwa shida, kiisha shingo inajisokota, anaangalia nyuma, anazunguka, asubuhi banda limekwisha. Nyoka wana ndugu ya kirusi kile, wa jamaa moja ya paramiksovirusi. Kilionekana mara ya kwanza mwaka 1972 kwenye shamba la nyoka huko Uswisi, kwa nyoka wa Amerika wanaoitwa fer-de-lance, na jina la virusi, ferlavirusi, limetoka pale. Picha ni kama ya kuku: mapafu na ubongo pamoja. Njo maana nimesema mapafu yanadanganya. Nyoka anayepanua mdomo leo na kutetemeka kichwa kesho si wa kubahatisha. Mumtenge saa ile ile.

Na yule chatu wa Liège? Yeye hana virusi, hakunywa sumu, na joto la sanduku lake ni sawa. Ni wa ukoo unaoitwa buibui, sababu ngozi yake ina mistari myembamba kama utando. Ukoo huo umezalishwa Marekani tangu 1999 kutoka kwa chatu wa kifalme aliyetoka Afrika, na umeenea dunia nzima juu ya uzuri wake. Jeni inayotoa rangi ile inakuja pamoja na kichwa kinachotetemeka, na anayeibeba anairithisha kwa nusu ya watoto akipandishwa na chatu wa kawaida. Mwaka 2022 watafiti walipiga picha za ndani ya fuvu na wakakuta sikio la ndani, lile la usawa, limeumbwa vibaya. Chatu hajui vizuri juu ni wapi. Wengine wanatetemeka kidogo na kuishi miaka mingi, wengine hawawezi kumpata panya. International Herpetological Society ya Uingereza ilikataza kuwauza kwenye maonyesho yake kuanzia 2018. Mimi nakubaliana nao. Tulifundishwa kuchagua mbegu kwa mavuno na kwa kuvumilia ugonjwa. Kuchagua mnyama kwa rangi huku unajua unachagua pia kilema, hiyo siwezi kuiita uboreshaji. Nilimwambia mdogo wangu: mlishe kwa koleo, panya aliyekwisha kufa, usiweke matawi marefu ndani ya sanduku asianguke, na usimzalishe. Akajibu: "Lakini yaya, vitoto vyake viko na bei." Hatujamaliza mazungumzo hayo.

Ukiona dalili, kazi ya saa ya kwanza ni ndogo. Mtenge. Pima joto. Ondoa kila kilichopulizwa. Usimpe chakula, anayejizungusha anaweza kukabwa. Bakuli la maji liwe la chini, nyoka asiyejigeuza anazama kwenye maji ya vidole viwili. Andika alichokula, dawa alizopata, mgeni wa mwisho kuingia nyumbani. Masanduku yaoshwe kwa sabuni kwanza, halafu javeli. Javeli juu ya uchafu haifanyi kazi.

Kitu kimoja musifanye kamwe: kumwachilia msituni. Nasikia mtu anasema kwa huruma, "arudi kwao". Kwao ni wapi? Hapa Epulu tuko ndani ya Hifadhi ya Okapi, karibu kilomita za mraba 13,700, iliyoanzishwa 1992 na kuingia kwenye urithi wa dunia 1996. Ina chatu wake, vifutu wake, swila wake, ambao hawajawahi kukutana na virusi vya sanduku la mfugaji. Kuku mgonjwa tunamkataza asivuke barabara kwenda banda la jirani. Chatu mgonjwa tunampa msitu mzima? Vile vile kuchukua nyoka ndani ya hifadhi ili kuanzisha mradi ni marufuku, na biashara ya chatu kuvuka mpaka inaomba vibali vya CITES. Wale wa Bunia hawajaandika nyoka wa kwanza watatoka wapi. Nawauliza hapa mbele ya wote.

Akifa, musimzike upesi. Wengi wanamtupa kwenye frigo mpaka agande kama jiwe, na barafu inapasua chembe, mikroskopi haioni tena kitu. Awekwe kwenye baridi tu, kama nyama ya siku mbili, na veterineri afungue siku ile ile ao kesho yake. Vipande vidogo vya ubongo, ini, figo na kongosho viingie kwenye formalini ya 10%, kila kipande chembamba ili dawa iingie hadi katikati, na chupa iandikwe aina ya nyoka, tarehe, na dalili ya kwanza iliyoonekana. Glavu mkononi, na kama alikuwa wa sumu, kichwa hakiguswi kwa vidole hata akiwa maiti.